Kibiriti kilikuwa jiwe kabla ya kuwa njiti

Barazani husikika watu wakidai kwa fahari kwamba neno 'sulphur' Wazungu wamelitoa kwa Waarabu, eti asili yake ni 'asfar', yaani manjano, kwa kuwa jiwe lenyewe ni la manjano. Dai tamu, lakini si kweli. Warumi waliandika 'sulpur' kabla hajazaliwa Nabii Isa. Ile herufi p ndiyo shahidi: 'asfar' ina f, na Mrumi naye f alikuwa nayo, angeigeuza p kwa nini? Hiyo 'ph' ilikuja baadaye, na tahajia ya f ndiyo waliyoafikiana wanakemia wa dunia mwaka 1990.

Waarabu jiwe hili wana jina lao, kibrit, na si jina la jana. Waakadi wa Iraki ya kale waliliita 'kibritu', na Mayahudi huliita 'gofrit'. Wanaolitafuta katika 'kabir' wapotea njia. Tuliokaa chuoni twalikumbuka katika tafsiri ya Suratul Baqara, aya ya 24, panapotajwa moto ambao kuni zake ni watu na mawe. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud, Mungu amridhie, kwamba mawe hayo ni ya kibiriti. Mtoto wa leo akisomewa hayo atafahamu nini? Atawaza kisanduku cha njiti kilichoko jikoni kwa mamake!

Neno lilipofika pwani, Mswahili alisikia ki- akalitia katika ngeli yake: kibiriti, vibiriti, kama alivyofanya kitabu na vitabu. Karne ya 19 zikaenea njiti za kuwashia moto, nyingi zikichovywa kibiriti ili moto ushike mti, na jina la jiwe likahamia kwenye njiti. Waajemi na Waturuki nao walifanya vivyo hivyo. Ndipo ule unga wa manjano wa kupaka ukaitwa kibiriti upele, usije ukachanganywa. (Waarabu, kitu kisichopatikana hukiita kibrit ahmar, kibiriti chekundu. Mshairi anayetafuta sitiari na aichukue.)

Sasa vitabu vya shule vyasema 'salfa'. Sina ugomvi nayo. Nataka tu mwalimu aandike kibiriti kando yake ubaoni, ili kijana akifungua tafsiri asipotee. Na likiwa ni jiwe, asiseme vibiriti. Vibiriti ni vya dukani.