Kununua Bila Kumiliki: Mustakabali wa Maduka ya Michezo ya Video Nchini Uingereza

Utangulizi

Miongoni mwa biashara zilizotikiswa na maendeleo ya teknolojia ya mawasiliano, biashara ya michezo ya video ni mfano mwafaka. Bidhaa yenyewe ni zao la tarakilishi. Hivyo basi, si ajabu kwamba tarakilishi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kupunguza haja ya duka. Nchini Uingereza, miji mingi ilikuwa na duka la michezo hii kwenye barabara yake kuu ya biashara, likiwa limepakana na benki, duka la viatu au mkahawa. Leo hii mengi ya maduka hayo yamefungwa. Makala haya yananuia kueleza jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa, sababu za kudidimia kwake, na swali nyeti ambalo mabadiliko haya yameliibua: je, mtu anaponunua mchezo kupitia mtandao, anakuwa amenunua nini hasa?

Biashara Ilivyoendeshwa

Katika miaka ya 2000, mchezo mpya wa video uliuzwa nchini Uingereza kwa takriban pauni 40. Faida ya mwenye duka katika mchezo mpya ilikuwa ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwa kampuni iliyoutoa mchezo. Duka lilipata riziki yake kwa njia nyingine, yaani biashara ya michezo iliyokwisha kutumika. Kijana aliyemaliza mchezo wake aliurudisha dukani, akapewa thamani fulani, na thamani hiyo akaitumia kupunguza bei ya mchezo mwingine. Duka nalo liliuza ule wa zamani kwa bei ya juu zaidi, na faida yote ikabaki mikononi mwake.

Mfumo huu ulimfaa kijana asiye na fedha nyingi, kwani mchezo mmoja ulizaa mwingine. Hata hivyo, kampuni zilizotoa michezo hazikufurahia, kwa sababu mchezo ulipouzwa mara ya pili hazikupata hata senti. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni ya Electronic Arts, kwa mfano, ilianza mwaka wa 2010 kutia katika michezo yake mipya namba ya siri iliyomruhusu mnunuzi wa kwanza pekee kucheza na wenzake mtandaoni. Aliyenunua mchezo huo ukiwa umetumika alitakiwa kulipa ziada. Utaratibu huo uliachwa mwaka wa 2013, lakini ulikwisha kudhihirisha kuwa muuzaji na mtoaji hawakuwa wakivuta upande mmoja.

Pigo la Kwanza: Posta na Kodi

Mtandao haukuanza kuyaumiza maduka kwa kupakua michezo. Ulianza kwa posta. Mteja aliagiza diski kwenye tovuti, nayo ikaletwa mlangoni kwake kwa bei nafuu, kwa kuwa muuzaji wa mtandaoni hakulipa pango la barabara kuu wala mishahara ya wahudumu wa dukani.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na mwanya wa kisheria. Bidhaa zilizoingizwa Uingereza kutoka visiwa vya Jersey na Guernsey hazikutozwa kodi ya ongezeko la thamani iwapo bei yake haikuzidi pauni 18. Michezo mipya mingi ilipita kiwango hicho, lakini muziki, filamu na michezo ya zamani ilikuwa chini yake. Tovuti ya Play.com, iliyokuwa na makao Jersey, ilinawiri katika mazingira hayo. Serikali ilishusha kiwango hicho hadi pauni 15 mnamo Novemba 2011, kisha ikauziba kabisa mwanya wa visiwa hivyo tarehe 1 Aprili 2012. Kwa maduka mengi dawa hiyo ilifika mgonjwa akiwa taabani. Woolworths, iliyofungua duka lake la kwanza nchini humo mjini Liverpool mwaka wa 1909, ilikuwa imekwisha kufunga maduka yake yote, yapatayo 807, kufikia Januari 2009.

Pigo la Pili: Diski Kutoweka

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi, kwani halikushindania bei ya diski bali liliiondoa diski yenyewe. Kampuni ya Marekani ya Valve ilizindua huduma ya Steam mnamo Septemba 2003, na kuanzia mwaka wa 2005 ikawa inauza humo michezo ya kampuni nyingine. Sony na Nintendo zilifungua maduka yao ya mtandaoni mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008 Apple nayo ilifungua duka la programu za simu, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga duka la michezo wakaanza kucheza kwenye simu zao.

Ni haki kukiri kwamba mabadiliko haya yameleta manufaa. Mtunzi mdogo wa michezo, asiye na uwezo wa kuchapa diski wala kuzisambaza, sasa huweza kuufikisha mchezo wake duniani kote. Mtu aishiye mbali na mji hahitaji nauli. Aidha, michezo ya miaka iliyopita huuzwa mtandaoni kwa bei ya chini mno nyakati za punguzo. Kwa hiyo, si sahihi kudai kuwa wateja walilihama duka kwa uvivu tu. Walifuata unafuu, kama maji yafuatavyo mkondo.

Kuanguka kwa GAME

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa kampuni ya GAME. Mwaka wa 2007 kampuni hii ilimnunua mshindani wake, Gamestation, kwa pauni milioni 74. Matokeo yake ni kwamba katika miji kadhaa kampuni moja ilijikuta na maduka mawili yaliyotazamana, yote yakilipiwa pango. Mauzo yaliposhuka, mzigo huo haukubebeka. Kufikia Machi 2012 baadhi ya kampuni zilizotoa michezo, zikihofia kutolipwa, zilikataa kuipelekea bidhaa. Mchezo wa Mass Effect 3, uliosubiriwa kwa hamu, ulitoka mwezi huo bila kupatikana katika maduka yake. Chombo cha kuzama hakina usukani. Mwishoni mwa mwezi huo GAME iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Maduka 277 yakafungwa mara moja, na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi. Maduka mengine zaidi ya 300 yaliokolewa na mnunuzi mpya. Mwaka wa 2019 kampuni ilichukuliwa na wamiliki wa Sports Direct, na matawi yake mengi yakahamishiwa ndani ya maduka ya nguo na viatu vya michezo. Mwaka wa 2024 iliacha kupokea michezo iliyotumika, ile ile biashara iliyokuwa uti wa mgongo wake.

Kununua au Kukodi?

Hapa ndipo suala hili linapovuka mipaka ya uchumi na kuingia katika uwanja wa lugha. Katika Kiswahili, kitenzi "kununua" hubeba dhana ya kuhamisha umiliki. Aliyenunua kitu anaweza kukiuza, kumpa mwenziwe, kumwazima jirani au kuwaachia warithi. Anayetumia kitu kwa masharti na kwa muda, huyo amekodi au ameazima. Diski iliyonunuliwa dukani ilitimiza sifa zote za mali. Mchezo uliopakuliwa hautimizi hata moja kati ya hizo: kwa kawaida hauwezi kuuzwa tena wala kuhamishiwa mtu mwingine, kwa kuwa mteja amepewa leseni, yaani ruhusa ya kuutumia.

Ruhusa hiyo huweza kukoma. Mnamo Machi 2024 kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wake uitwao The Crew, na waliokuwa wameulipia wakashindwa kuucheza. Mwaka huo huo jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno lenye maana ya "nunua" bila kumweleza mteja bayana kwamba anapewa leseni tu. Bunge zima lilikaa kujadili maana ya kitenzi kimoja. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo lililopo ni kubwa. Kampuni kadhaa, zikiwemo Google na Microsoft, zimekwisha kutafsiri baadhi ya programu zao kwa Kiswahili. Mtafsiri anayeweka neno "nunua" kwenye kitufe pale ambapo mteja anapewa ruhusa tu, anaihamishia lugha hii kauli ya kupotosha. Uteuzi wa msamiati, basi, si pambo; ni suala la haki ya msomaji.

Maduka Yaliyosalia

Pamoja na hayo yote, duka halijafa. Kampuni ya CeX, iliyoanzishwa London mwaka wa 1992, imejenga biashara yake juu ya bidhaa zilizotumika, na ina mamia ya matawi. HMV, iliyowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mara mbili, mwaka wa 2013 na 2018, ilinunuliwa mwaka wa 2019 na kurejea katika jengo lake la asili la Oxford Street mnamo Novemba 2023. Jungu kuu halikosi ukoko.

Hata hivyo, uhai wa maduka ya aina hii unategemea jambo moja: kuwepo kwa diski. Mwaka wa 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji wa michezo iliyotumika, lakini wateja walipinga vikali hata ikayafuta mwezi wa Juni. Kile ambacho tangazo lilishindwa kufanya, mashine zenyewe zinakifanya kimyakimya. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila sehemu ya kutilia diski. Anayeitaka huinunua kando.

Hitimisho

Yamkini maduka machache yatadumu, yakihudumia wakusanyaji, wapenzi wa michezo ya kale na wale wanaotaka ushauri wa ana kwa ana. Yatakayoamua idadi yake si bidii ya wenye maduka pekee, bali uamuzi wa watengenezaji kuhusu diski na uamuzi wa mabunge kuhusu haki za mnunuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, nalo daftari la mchezo wa mtandaoni limo mikononi mwa muuzaji. Hadi sheria itakapompa mteja nakala yake, ni muhimu anayebonyeza kitufe afahamu kwamba anachokilipia ni ruhusa, na ruhusa si mali.