Kanisa la Damu katika Ngome ya Leap

Msomaji mpenzi, bila shaka kijijini kwako pana pango au mti mkubwa ambao watu huogopa kuupita usiku. Usidhani mambo hayo ni ya kwetu tu. Hata Ayalandi, nchi iliyotuletea mapadre na masista wengi, wazee huwasimulia wajukuu habari za kutisha.

Katika wilaya ya Offaly, katikati ya nchi hiyo, ipo ngome ya mawe iitwayo Leap. Zamani ilikuwa mali ya ukoo wa O'Carroll, watu hodari wa vita. Mwaka 1532 mkuu wao, Mulrooney O'Carroll, alifariki, na jamaa zake wakaanza kugombea cheo.

Sasa sikia wasimuliavyo wenyeji. Mmoja wa ndugu hao alikuwa padre. Siku moja alikuwa akisoma Misa katika kikanisa cha juu ngomeni, watu wamepiga magoti. Mara ndugu yake wa tumbo moja akaingia na upanga, akamchoma. Padre akaanguka juu ya altare, akafa. Tangu hapo chumba kile huitwa Kanisa la Damu. Watu husema kwamba usiku mwanga huonekana madirishani, na hali ndani hamna mtu. Husimuliwa tena kwamba kando ya kikanisa palikuwa na shimo la siri walimotupwa maadui, na kwamba baadaye mifupa mingi ilitolewa humo.

Mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ngome ilichomwa moto. Kuta zilibaki, na hadithi zikabaki pamoja nazo.

Je, tuzisadiki? Kanisa halitulazimishi kusadiki habari za namna hii. Linatukataza kuwaita wafu na kuwaendea wapiga ramli. Linatufundisha kuwaombea marehemu walio toharani, si kuwakimbia.

Lakini tazama vema, msomaji. Kinachotisha katika habari hii si ule mwanga wa dirishani. Ni ndugu kumwua ndugu kwa ajili ya cheo, kama Kaini alivyomtenda Abeli. Na sisi je? Baba akiisha kuzikwa, mara ngapi watoto wake hugombania shamba na ng'ombe hata wasisalimiane? Jumapili wote wawili huja Misani, mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma, na chuki katikati yao. Upanga hawana, lakini moyo umekwisha kuchomwa.

Bwana wetu alituagiza kupatana kwanza na ndugu, ndipo tutoe sadaka yetu. Basi, kama uko ndugu usiyesema naye, usingoje msiba mwingine uwakutanishe. Nenda kwake leo, ubishe hodi. Kisha salini pamoja Baba Yetu moja kwa ajili ya wazazi wenu marehemu.