Ndugu wa Nyumbani na Kibali cha Siri cha Marekani

Mtu aliyezaliwa Mombasa au Kigoma akapata uraia wa Marekani, kisha akaomba kazi inayogusa siri za serikali, hukutana na swali linalomtia hofu: ni nani kati ya jamaa zako si raia wa Marekani? Wengi huamini kwamba mama aliyebaki nyumbani atawakosesha kazi. Hofu hiyo imezidi kiasi, tena huwasukuma kuficha, na kuficha kunaweza kuwagharimu kuliko mama mwenyewe.

Maamuzi ya kumpa au kumnyima mtu kibali cha siri hufuata waraka wa serikali ya Marekani uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika Juni 8, 2017. Una miongozo 13, na Mwongozo B ndio unaohusu ushawishi wa kigeni. Kuwa na wazazi nje si kosa. Kinachopimwa ni kama kuna anayeweza kumtumia mzazi huyo kumbana mwombaji, kwa vitisho, kifungo au kunyang'anywa mali, hadi mwombaji atoe siri ili amwokoe. Kwa hiyo nchi yenyewe huchunguzwa: je, serikali yake huipeleleza Marekani? Huwakandamiza watu wake? Kuna magaidi wanaofanya kazi humo? Kisha huangaliwa jamaa anafanya kazi gani. Mama mkulima wa Iringa ana uzito mdogo sana akilinganishwa na kaka aliye afisa wa ujasusi wa taifa hasimu.

Ugumu kwa watu wetu uko kwenye SF-86, fomu anayojaza mwombaji wa kibali. Sehemu ya jamaa inataja wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja au wa mzazi mmoja, walezi, wazazi na ndugu wa kambo, na wakwe. Binamu hayumo. Lakini ikiwa binamu huyo mlilelewa naye nyumba moja na bado mnapigiana simu, anaingia sehemu inayofuata, inayouliza juu ya wageni uliokuwa na uhusiano wa karibu nao katika miaka saba iliyopita. Vilevile fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Karo ya mdogo wako na dawa za bibi zimo humo. Andika. Kutuma pesa nyumbani si hatia, ingawa kunaonyesha jinsi mnavyofungamana.

Ukificha, unaangukia Mwongozo E, unaohusu uaminifu, na sheria ya shirikisho inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano kwa kuidanganya serikali kwa makusudi.

Mizizi yako Marekani inakusaidia: mwenzi, watoto, nyumba, miaka ya kazi. Hata hivyo shaka ikibaki, inaamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Mwaka 1988, katika kesi ya Jeshi la Wanamaji dhidi ya Egan, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali hiki. Naona ni kanuni kali kwa mtu ambaye kosa lake pekee ni mahali alipozaliwa kaka yake, lakini ndiyo inayotumika.

Basi kabla hujagusa fomu, wapigie simu wa nyumbani. Uliza majina kamili, tarehe za kuzaliwa, anwani na kazi ya kila mmoja, kisha waandike wote.