Mfupa wa Paja Usiotaka Kuunga

Baba wa jamaa ameanguka na pikipiki. Paja limevimba, mguu umegeuka upande, naye analia kwa uchungu. Ndugu zake wanamwinua upesi, wanamketisha kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, wanamkimbiza kwa mganga. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini kila shimo la barabara linasukuma ncha kali za mfupa ndani ya nyama.

Mfupa wa paja ni mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Ukivunjika, damu hutoka ndani kwa ndani, na kwa mtu mzima yaweza kufika lita 1 au kupita, hata kama ngozi haikupasuka. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kumwinua mgonjwa funga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima, ukiweka nguo laini katikati, kisha alazwe juu ya machela au ubao.

Tusidhani kwamba mfupa ni kama ukuni mkavu. Una uhai, una damu yake, na hujiunga wenyewe. Damu iliyomwagika penye kuvunjika huganda, ndani yake huota nyama laini, halafu gegedu, na mwisho mfupa mpya. Mtoto wa miaka 5 huweza kupona kwa majuma 6 hivi. Mtu mzima hungoja miezi 3 hata 6. Daktari haunganishi mfupa: huuweka sawa na kuutuliza, basi.

Lakini kuna mifupa isiyounga. Pengine ncha zilichezacheza kila siku, au nyama ya paja iliingia katikati yake, au mikrobi ziliingia kwa njia ya kidonda. Chakula kibaya, ugonjwa wa kisukari na tumbaku huchelewesha pia, maana tumbaku hupunguza damu inayofika pale. Na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Uvimbe umekwisha, uchungu umepungua, mgonjwa anashika fimbo na kurudi kwake. Kumbe paja linapinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo! Waganga huita hali hiyo kiungo cha uongo. Miezi 9 ikipita bila mfupa kuunga, wala picha za miezi 3 ya mwisho hazionyeshi maendeleo yoyote, kungoja zaidi hakufai kitu.

Je, tuwalaumu wazee waunga mifupa? Si wote. Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alikuwa mwana wa mwunga mifupa, naye ndiye aliyebuni gango la chuma lililookoa askari wengi waliovunjika mapaja katika vita ya 1914-1918. Shauri lake kubwa lilikuwa kumpa mgonjwa pumziko lisilokatizwa. Kwa hiyo twaogopa mambo mawili tu ya kijijini: kukanda paja kila siku, kwa kuwa kunavunja kile kilichoanza kuunga, na gango la mianzi lililokazwa mno. Vidole vya mguu vikiwa baridi, au vikibadilika rangi, au visiposikia mguso, fungueni gango papo hapo, hata kama mzee atakasirika.

Hospitalini mgonjwa huweza kulazwa majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito. Hapo jamaa huchoka: shamba linangoja, fedha zinakwisha, nao humtoa mapema. Njia nyingine ni msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya mfupa, kama alivyofanya Gerhard Küntscher huko Udachi tangu 1939. Mwenye msumari huo huweza kusimama na magongo baada ya siku chache. Hata kiungo cha uongo cha miaka mingi huweza kutengenezwa: daktari husafisha zile ncha, huingiza chuma, na kupanda vipande vya mfupa vilivyotolewa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Nyonga yenyewe ikivunjika kwa kawaida huunga, kwani ina damu nyingi. Hatari yake ni damu hiyo hiyo kumwagika, pamoja na kibofu kupasuka. Mgonjwa asiyeweza kukojoa, au anayekojoa damu, asicheleweshwe hata usiku mmoja.

Tena kuna nyanya zetu. Nyanya hujikwaa mlangoni, hawezi kuinuka, mguu mmoja umekuwa mfupi nao umegeukia nje. Shingo ya paja imevunjika. Mishipa ya damu iliyopita hapo imekatika, na mfupa huo hauungi kwa urahisi. Akiachwa kitandani nyumbani, vidonda vya mgongo na ugonjwa wa mapafu humpata mapema. Akipasuliwa katika siku 2 za kwanza, na kichwa cha mfupa kikiondolewa na kuwekwa cha chuma, kesho yake huketishwa, kisha husimama akishikwa mikono.