Toba na Dhima ya Kurithi katika Fikra za Kiyahudi: Mfano wa Ardhi ya Kericho na Bomet

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi fikra za Kiyahudi zinavyotenga hatia na dhima, na jinsi utengano huo unavyotufaa katika kulijadili swali la ardhi ya Wakipsigis.

Kwa mtazamo wa kwanza, maandiko yanapingana. Kutoka 20 yasema kuwa wana huadhibiwa kwa uovu wa baba zao. Ezekieli 18 yashikilia kuwa kila mtu hujibu kwa matendo yake mwenyewe. Talmudi (Sanhedrin 27b) yazipatanisha kauli hizo: mwana huadhibiwa endapo ameyashika matendo ya baba yake. Basi hatia hairithiwi, huendelezwa.

Mali ina hukumu nyingine. Kwa mujibu wa Mishna (Baba Kama 10:1), mtu akipora chakula akawalisha wanawe, wana hawalipi. Bali kilichoporwa kikiwa mali yenye dhamana, yaani ardhi, hulipa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo, akharayuti, ndilo lenye maana ya dhima katika Kiebrania cha leo. Wanazuoni waliongeza kuwa hata ng'ombe wa kulimia hurudishwa, kwa kuistahi heshima ya baba.

Toba kwa Kiebrania ni teshuva, kutokana na kitenzi chenye maana ya kurudi. Neno letu toba, lililotoka Kiarabu, lina asili yenye maana hiyo hiyo, ila msemaji wa Kiswahili haisikii tena. Husikia majuto tu. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, ataka mambo manne: kuacha kosa, kuazimia kutolirudia, kujuta na kuungama. Aliyemdhulumu mwenzake hasamehewi mpaka amlipe na kumridhisha.

Sasa tuitazame Kericho. Serikali ya kikoloni iliitwaa ardhi, ikawapa walowezi na makampuni ya chai; na kwa sheria ya mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi. Mwaka 2022 wadai walipeleka shauri lao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 31 Oktoba 2023, jijini Nairobi, Mfalme Charles III alieleza huzuni na majuto kwa ukatili waliotendewa Wakenya wakati wa kupigania uhuru, bila kuomba radhi rasmi.

Hoja ya kuwa waliotenda wamekwisha kufa yajibu swali la hatia. Haijibu la dhima. Mashamba yamebadili wenyewe: Unilever iliinunua Brooke Bond mwaka 1984, kisha ikauza biashara yake ya chai mwaka 2022. Hata hivyo ardhi haikuliwa ikaisha kama chakula cha wale wana. Ipo, na kila msimu huzaa. Kwa kipimo cha Maimonides, majuto ni sehemu moja ya toba. Iliyosalia ni ile inayobebwa na neno lenyewe: kurudi, na kurudisha.