Donge Nono na Mfuko wa Mbolea

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.34 katika Mkoa wa Songwe, kuanzia Tunduma mpakani mwa Zambia hadi kata ya Itaka huko Mbozi. Tuseme kila mmoja wao, mtoto mchanga na bibi kizee wakiwamo, anapewa mkeka wa kubashiri mechi 13, na hakuna mikeka miwili inayofanana. Mkoa mzima ukishagawiwa, mikeka karibu robo milioni itabaki bila mwenyewe. Na katika mikeka yote hiyo, iliyogawiwa na iliyobaki, ni mmoja tu wenye majibu 13 sahihi.

Hesabu yake ni ya darasani. Mechi moja ina matokeo matatu: mwenyeji kushinda, mgeni kushinda, au sare. Mechi mbili zina njia tisa, mechi tatu zina njia 27. Endelea kuzidisha kwa tatu mpaka mechi ya 13, utafika njia 1,594,323. Huo ndio mlima anaoupanda kila anayetuma dau lake akisubiri milioni kadhaa ziingie kwenye simu.

Swali la kama inafaa kuupanda lina uzito wake mahali kama Itaka. Mbozi ni wilaya ya kahawa na mahindi. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na fedha zake huja kwa mkupuo kupitia vyama vya ushirika wa mazao, AMCOS, baada ya mauzo ya mnadani. Mvua za kupandia mahindi husubiriwa hadi Novemba. Katikati hapo ipo miezi ambayo mkulima ana fedha mkononi lakini matumizi yake makubwa, yaani mbolea ya kupandia, mbegu na vibarua, bado hayajafika. Na Ligi Kuu ya Uingereza huanza Agosti, ndani ya miezi hiyohiyo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini fedha za mbolea na msimu wa mikeka hukutana kila mwaka kwenye simu moja.

Zamani haikuwa rahisi hivyo. Bunge lilitunga Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974, na kwa miaka mingi mtu aliyetaka kujaribu bahati alinunua tiketi ya karatasi na kusubiri siku ya droo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ndiyo hutoa leseni mpaka leo. Kisha ikaja huduma ya fedha kwa simu, M-Pesa ikitangulia mwaka 2008, na umbali ukafa. Mwaka 2017 Tatu Mzuka ikawaomba Watanzania wachague tarakimu tatu tu na kutuma dau kwa simu. Mwaka huohuo kampuni ya kubashiri mechi ya SportPesa ikaingia nchini, na Julai ikaileta klabu ya Everton ya Uingereza Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambako Wayne Rooney aliifunga Gor Mahia ya Kenya bao la mbali. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ikarudi upya, safari hii mikononi mwa kampuni ya ITHUBA. Kijana aliye shambani Itaka leo anaweza kushiriki michezo ya namna hiyo kabla hajainuka kwenye kivuli cha mti wake wa kahawa.

Washindi wapo, tena wa kweli. Mwaka 2019 donge la SportPesa hapa Tanzania, yaani zawadi ya anayepatia mechi zote 13, lilivuka shilingi milioni 825 na likaangukia watu wawili, wakagawana nusu kwa nusu. Nchini Kenya, ambako donge kubwa zaidi ni la mechi 17, mtu mmoja alibeba shilingi za Kenya milioni 221 mwezi Mei 2017. Mwingine akabeba milioni 230 mwezi Februari 2018, na wa tatu milioni 208 Septemba mwaka huohuo. Picha zao na hundi zile kubwa za maonyesho zilienea Afrika Mashariki yote. Haishangazi kwamba utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya wamewahi kucheza kamari ya aina moja au nyingine.

Ila donge la mechi 17 lina njia 129,140,163. Watanzania wote, kwa sensa ya 2022, walikuwa milioni 61.7. Mpe kila Mtanzania mikeka miwili tofauti na bado itabaki zaidi ya milioni tano na nusu. Mechi nne tu zimeongezwa juu ya zile 13, lakini ugumu umeongezeka mara 81. Hapa ndipo penye siri ambayo tangazo haliwezi kuisema: donge huwa kubwa kwa sababu ni gumu kulipata. Watu wanapokosa wiki hii, sehemu ya fedha zao huongezwa kwenye donge la wiki ijayo. Kadiri wanavyokosa mfululizo ndivyo linavyonona, na kadiri linavyonona ndivyo watu wapya wanavyokuja kulichangia.

Wamarekani walilifanya jambo hili waziwazi. Mpaka mwaka 2015, nafasi ya kushinda donge la bahati nasibu ya Powerball ilikuwa moja kati ya milioni 175. Oktoba mwaka huo waendeshaji walibadilisha idadi ya namba za kuchagua, nafasi ikawa moja kati ya 292,201,338. Mchezo ulifanywa mgumu makusudi ili wiki nyingi zipite bila mshindi. Miezi mitatu baadaye, Januari 2016, donge lilifika dola bilioni 1.586, na foleni za wanunuzi zikazunguka maduka. Novemba 2022 likavuka dola bilioni mbili. Kwa mtu mmojammoja aliyesimama kwenye foleni, nafasi ya kulibeba ilikuwa ndogo kuliko alipokuwa akicheza kabla ya mabadiliko.

Turudi kwenye zile milioni 825. Mtu akichagua matokeo kwa kubahatisha tupu, ukigawa donge lote kwa njia 1,594,323 unapata shilingi kama 518. Hiyo ndiyo thamani ya mkeka mmoja kwa hesabu ya wastani, kabla ya kodi na kabla ya kugawana na mshindi mwenzako. Anayelipa shilingi 1,000 kwa mkeka wa namna hiyo amenunua kitu cha shilingi 518. Na hilo lilikuwa donge lililonona kweli. Likiwa bado dogo, thamani huwa chini zaidi.

Wapenzi wa mpira watapinga hapa, na wana haki. Soka si kete. Mtu anayeifuatilia Simba, Yanga au Arsenal kwa miaka anajua mengi kuliko anayechagua huku amefumba macho. Basi apewe haki yake: tuseme anapatia mechi moja kati ya kila mbili, jambo ambalo ni zuri sana kwa mechi zilizochaguliwa kwa sababu hazitabiriki. Nafasi yake ya kupatia zote 13 ni moja kati ya 8,192. Akicheza mkeka mmoja kila wiki, wastani wa kusubiri kwake unapita miaka 150. Mtaalamu wa ajabu, anayepatia sita katika kila kumi, atasubiri kwa wastani karibu miaka 15. Tena wiki ambayo timu zenye nguvu zote zimeshinda kama alivyotabiri, wajuzi wenzake nao wametabiri hivyohivyo, na donge linagawanywa vipande vingi. Ujuzi wa soka unasaidia, lakini unasaidia zaidi pale ambapo zawadi inagawanywa kwa wengi.

Kinachowarudisha watu ni mkeka uliochanika kwa mechi moja. Aliyepata 12 kati ya 13 hujiona amefika mlangoni, na kampuni nyingi hutoa bonasi ndogo kwa waliokaribia, hivyo hisia hiyo huimarika. Lakini mechi za Jumamosi ijayo hazijui chochote kuhusu Jumamosi iliyopita. Ugumu unaanza upya kutoka sifuri, ni uleule, hata kama mchezaji amekosa kwa bao la dakika ya 90.

Je, imewahi kutokea kwamba kununua tiketi kukawa biashara ya maana? Imetokea. Stefan Mandel, mzaliwa wa Romania aliyehamia Australia, aliiona nafasi hiyo katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1992. Mchezo ulikuwa na njia 7,059,052, tiketi iliuzwa dola moja, na donge lilikuwa limefika dola milioni 27. Mandel na kundi la wawekezaji walianza kununua kila tiketi inayowezekana. Muda uliwaishia wakiwa na takriban milioni tano, lakini tiketi ya ushindi ilikuwamo. Baadaye sheria nyingi zilibadilishwa kuzuia mchezo wa namna hiyo. Kisa chake kinaonyesha mtaji unaohitajika ili bahati iache kuwa bahati: mamilioni ya dola, watu wa kuchapisha tiketi usiku na mchana, na donge lililo mara kadhaa ya gharama. Mkulima mwenye shilingi 2,000 na mkeka mmoja yuko upande mwingine kabisa wa biashara hiyo.

Shilingi 1,000 kwa siku hazitikisi mfuko. Kwa mwaka ni 365,000. Nyumba ya wakulima wa Mbozi inajua fedha hizo zinafanya nini. Tangu msimu wa 2022/23 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, kwa hiyo kiasi hicho hununua zaidi ya mfuko mmoja. Pale Mbimba, wilayani Mbozi, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo chake, na aina mpya za kahawa za taasisi hiyo zinastahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo kwa miti ya zamani humlazimu mkulima kununua dawa kila msimu. Miche ya namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka michache na kuendelea kuzaa kwa miaka mingi. Nayo ina hatari zake, maana ukame upo na bei ya mnadani hupanda na kushuka. Lakini hakuna mkulima anayehitaji watu 1,594,322 wakose ili yeye avune.

Pamoja na hayo, si haki kumwita mjinga kila anayenunua tiketi. Kijana asiye na ardhi ya kutosha, asiye na dhamana ya kumpatia mkopo benki, ameona kwa macho yake kwamba akiba ndogondogo haitamjengea nyumba Vwawa wala kumnunulia Fuso. Donge ni mlango pekee anaouona ambao haudai hati ya shamba. Kwa shilingi 1,000 ananunua siku tatu za kuwaza maisha mengine, na starehe hiyo ina bei yake kama soda au tiketi ya kuingia uwanjani. Kosa huanza pale starehe inapohesabiwa kuwa mpango wa maisha: ada ya mtoto inapowekwa dau, au mtu anapokopa kikundi cha VICOBA ili kurudisha kilichopotea.

Yapo pia makucha ya matapeli. Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa kumwambia atume ile pesa kwenye namba hii, au kwamba ameshinda mamilioni na anatakiwa kulipia kwanza gharama za kutoa zawadi. Mchezo halali una leseni ya Bodi, hauchezwi na aliye chini ya miaka 18, na haumdai mshindi alipe ndipo alipwe. Asiyecheza hawezi kushinda, na ujumbe unaosema ameshinda ni wa kufuta.

Kando ya kucheza kamari na kuweka akiba ya kawaida, kuna njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana kwetu. Uingereza ilianzisha hati za akiba zenye droo, Premium Bonds, mwaka 1956, na droo ya kwanza ikafanyika Juni 1957. Mwenye hati hapati riba. Badala yake, riba ya wote hukusanywa na kugawanywa kwa bahati nasibu, na mtaji wa kila mmoja hubaki salama. Anayekosa mwezi huu bado ana fedha zake zote. Afrika Kusini, benki ya FNB ilijaribu kitu kama hicho mwaka 2005: kila mwezi mwenye akaunti mmoja alishinda randi milioni moja, na watu wa kipato cha chini walijitokeza kwa wingi kuweka akiba. Mahakama iliusimamisha mpango huo mwaka 2008 kwa sababu uligongana na sheria ya bahati nasibu ya nchi hiyo. Kikwazo kilikuwa cha kisheria, na sheria hurekebishwa.

Watu wa Itaka wanastahili kupewa mchezo wa namna hiyo. SACCOS, AMCOS na benki zinazopokea fedha za kahawa zinaweza kutenga sehemu ya riba kuwa zawadi, droo ikafanyika Oktoba, na akiba yenyewe ikarudi mikononi mwa wenyewe Novemba, mbolea inapohitajika. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na Benki Kuu ndizo zenye uwezo wa kufungua njia hiyo, na madiwani na wabunge wa Songwe ndio wanaopaswa kuziuliza ni lini zitaifungua.