Kura ya Wataalamu Isipewe Kazi ya Majaribio

Majaribio kumi ya tiba ya ufizi yakitumia vipimo kumi tofauti, matokeo yake hayajumlishiki hata kama kila moja lilifanywa kwa uangalifu. Moja limepima kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi, la pili limehesabu sehemu zinazotoka damu zikiguswa, la tatu meno yaliyobaki kinywani, na huenda hakuna lililomwuliza mgonjwa kama sasa anatafuna bila maumivu. Kipi kipimwe kwanza si swali la maabara. Ni la uamuzi, na hapo mbinu rasmi za kutafuta mwafaka wa wataalamu zina kazi halali. Zikihamishwa hapo na kutakiwa ziseme tiba ipi inaponya, zinapotosha.

Mbinu maarufu kati ya hizo ni ya Delphi, iliyobuniwa Marekani katika shirika la utafiti la RAND miaka ya 1950. Wataalamu hawakutanishwi. Kila mmoja hujaza dodoso peke yake. Waratibu hukusanya majibu na kuyarudisha bila majina, pamoja na sababu zilizotolewa, kisha kila mmoja huulizwa tena kama bado ana msimamo uleule. Hivyo profesa mwenye sauti nzito hapati nafasi ya kuwanyamazisha wadogo zake. Katika jaribio ambalo Norman Dalkey na Olaf Helmer walilichapisha mwaka 1963, wataalamu saba walikadiria idadi ya mabomu ya atomiki ambayo Wasovieti wangehitaji ili kudhoofisha uzalishaji wa silaha wa Marekani. Makadirio ya kwanza yalianzia 50 hadi 5,000. Ya mwisho yalikuwa kati ya 167 na 360. Yalikaribiana mno. Kama yaliukaribia ukweli, hakuna awezaye kusema, na tushukuru.

Wapinzani wa mbinu hizi hukumbusha hotuba ya mwaka 1910 mjini Montreal, ambamo daktari Mwingereza William Hunter alizishutumu kazi za madaktari wa meno kuwa chanzo cha maambukizi mwilini. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, wagonjwa wengi waling'olewa meno kwa matumaini ya kuponywa maradhi ya viungo na mengineyo, kwa baraka za wakubwa wa taaluma. Hoja ya wapinzani hao ni ya haki, na kura ya siri isingeyaokoa meno hayo. Duru za maswali hupunguza tofauti za maoni. Hazipunguzi kosa linaloaminiwa na wote.

Mfano bora zaidi wa mwafaka unaotanguliwa na majaribio ulianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha matundu ya meno kwa vifaa vya mkono tu kisha kuyaziba, bila mashine ya kuchonga wala umeme. Sidhani jopo la maprofesa wa siku hizo, waliofundishwa kuchonga hadi sehemu ngumu, lingeipa njia hiyo kura nyingi. Iliyoipa heshima ni majaribio, yakiwemo ya Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Mwaka 2015 wataalamu 21 kutoka nchi 12, Frencken akiwamo, walikutana Leuven, Ubelgiji. Walikubaliana kwamba katika tundu refu ni heri kuacha tabaka laini lililo karibu na kiini cha jino na kuliziba vizuri, kuliko kukifichua kiini chenyewe. Pia walikubaliana majina ya njia za kuondoa uozo. Ushahidi ulitangulia, mwafaka ukafuata.

Atasema mtu kwamba mgonjwa aliye kwenye kiti hawezi kungoja jaribio la miaka mitano. Kweli, na maoni ya wengi ni bora kuliko ya mmoja. Lakini yaandikwe kuwa ni maoni, na swali lipelekwe kwenye majaribio badala ya kufungwa. Jopo nalo lisijazwe maprofesa wa Ulaya pekee, wakati watakaoutumia mwongozo ni matabibu wa meno wa vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika. Wagonjwa pia waingie: hawajui kusoma picha ya eksirei, ila wao ndio wanaojua chakula gani kimewashinda kutafuna.

Mwongozo wa ACCORD wa mwaka 2024 unawataka watafiti waeleze walivyopata mwafaka wao. Msomaji ukikutana na maneno "wataalamu wamekubaliana", tafuta ni akina nani, wangapi waliacha njiani, na kiwango cha makubaliano kiliwekwa lini. Kikiwekwa baada ya kura kuhesabiwa, huo haustahili kuitwa mwafaka.